Kabla ya polishi: kuchagua vifaa vya kung'oa uchafu ulioganda kwenye rangi ya gari

Osha gari, likaushe, kisha pitisha vidole juu ya boneti polepole. Ukihisi vichembe, kama mchanga uliomwagika kwenye mkeka, ujue gari hilo ni safi kwa macho tu. Sabuni imeondoa vumbi na tope. Vilivyobaki vimejishindilia kwenye rangi, na hata ukisugua kwa sponji mpaka jioni havitoki.

Hapo ndipo watu wengi wanapowasha mashine ya polishi, na hapo ndipo gari linapoharibika. Pedi ya mashine inazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ikikuta kichembe cha chuma au punje ya saruji, inaking'oa, inakibeba na kukiburuza juu ya rangi. Unamaliza kazi, unalitoa gari juani, na unaona michirizi ambayo asubuhi haikuwepo. Mwenye gari analaumu polishi, fundi analaumu pedi, kumbe kazi iliharibika kabla mashine haijaguswa.

Kabla ya kununua kifaa chochote, shika hili: mkono na jicho vinaona vitu tofauti. Kinachokwaruza mkono kimekaa juu ya rangi, nacho huondolewa kwanza kwa dawa na klei, kitu laini kama unga uliokandwa kinachong'oa vichembe. Kinachoonekana kwa jicho lakini mkono haukihisi ni jeraha lililoingia ndani ya rangi, na hilo ndilo la polishi. Ukichanganya haya mawili utachagua kifaa kibaya hata ukiwa na fedha za kununua duka zima.

Kwa nini tuwe waangalifu hivi? Rangi ya magari ya kisasa ina praima, yaani tabaka la chini la kushikiza rangi, kisha rangi yenyewe, na juu yake klia inayoleta mng'ao. Tabaka zote kwa pamoja kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150. Klia peke yake ni mikroni 40 hadi 50 hivi, wakati unywele wa binadamu una kama mikroni 70. Chote unachokwenda kukisugua ni chembamba kuliko unywele mmoja, na kila ukipiga polishi unakipunguza. Kwa hiyo kila uchafu unaoweza kuondoka bila kusuguliwa, uondoke bila kusuguliwa.

Hatua ya kwanza: isome rangi kwa mkono

Gari lioshwe vizuri kwa shampuu ya gari, lisuuzwe, likaushwe, na lipoe kivulini. Kisha vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, lakini ule unaofungia mkate unatosha kabisa. Hakikisha tu umekung'uta makombo. Plastiki hukuza hisia. Ngozi ikipita juu ya rangi inanata kidogo na kukuficha mengi, ilhali ncha za vidole ndani ya plastiki zinateleza na kila kichembe kinajitangaza.

Pitisha mkono bila kukandamiza. Anza na boneti, paa na buti, maana sehemu zilizolala ndizo zinazopokea kila kinachoanguka kutoka juu. Kisha nenda chini ya milango na nyuma ya kila tairi. Usisahau kioo cha mbele. Kioo kikiwa na vichembe vilevile kama boneti, na gari zima linakwaruza kwa usawa, karibu kila mara ni rangi ya spreyi iliyopeperushwa na upepo kutoka gereji au nyumba iliyokuwa ikipakwa rangi.

Upande wa gari nao una habari zake. Niliwahi kuletewa Noah nyeupe iliyokuwa laini kama sahani upande wa dereva, na upande wa abiria inakwaruza kuanzia taa ya mbele hadi ya nyuma. Nilimwuliza mwenye gari huwa analiegesha wapi. Kumbe kwa miezi mingi alikuwa akiegesha mita chache kutoka kwa fundi anayechomelea mageti, na ubavu wa abiria ulikuwa unatazama lile grenda. Zile cheche nzuri za njano ni chuma cha moto. Zikitua kwenye rangi zinajichoma ndani ya klia na kubaki humo, halafu zinashika kutu. Kama gari lako linalala jirani na fundi wa mageti, anza kukagua ubavu huo.

Hatua ya pili: utambue uchafu kwa jina

Chuma ndicho kinachoongoza. Hutoka kwenye diski na pedi za breki, kwenye reli, viwandani, na kwenye grenda kama nilivyosema. Kwenye gari jeupe kinaonekana kama vidoadoa vya rangi ya chungwa, vidogo kama ncha ya kalamu. Magari yanayotoka Japani mara nyingi hufika navyo, maana yamekaa kwenye yadi na bandarini kabla hata ya kupanda meli. Watu huviita kutu na kudhani bodi imeoza. Siyo bodi. Ni kichembe cha nje kinachoshika kutu juu ya rangi iliyo nzima. Kwenye gari jeusi huvioni, lakini mkono utakuambia.

Lami ni madoa meusi, mengi yakiwa chini ya milango na nyuma ya matairi. Ukiligusa doa kwa ukucha linabonyea kidogo. Gari lililopita kwenye barabara mpya kabla lami haijakauka vizuri hubeba mamia.

Utomvu wa miti, hasa mwembe, unakaa kama matone ya rangi ya asali. Ukiwa mbichi ni rahisi. Ukishapigwa na jua wiki mbili unakuwa mgumu kama kioo.

Maji ya kisima. Watu wa pwani wanalijua hili: unaosha gari, jua linalikausha kabla hujafuta, na madoa meupe ya duara yanabaki kila mahali. Hiyo ni chokaa na chumvi iliyoachwa na maji. Ikikaa muda mrefu juani inakula klia na kuacha alama yenye kina, na alama hiyo hata mkono hauihisi. Hapo limeshakuwa jambo la polishi.

Saruji. Anayejenga analijua hili vizuri. Tone la saruji likikauka ni jiwe, na anayelibandua kwa ukucha au bisibisi anabandua na rangi.

Halafu kuna kinyesi cha ndege. Pale Dar es Salaam na Unguja hatuwezi kukwepa kunguru, waliopelekwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakazaana hadi bara. Kinyesi chao kina tindikali. Kikikaa juani siku nzima kinachora alama ndani ya klia. Baada ya kukiosha, pitisha mkono: kama ni laini lakini doa la ukungu linaonekana, usihangaike na klei hata kidogo. Huna cha kung'oa hapo. Liwekee alama kwa kipande cha tepu ya karatasi, likasubiri polishi.

Hatua ya tatu: chagua dawa kabla ya klei

Dawa inayeyusha uchafu bila kusugua. Kila kinachotoka kwa dawa ni kichembe kimoja pungufu kitakachoburuzwa na klei baadaye. Watu wenye haraka huruka hatua hii na kuanza kukanda klei moja kwa moja. Naelewa, maana klei inaonekana kama kazi halisi. Lakini klei iliyojaa lami na chuma inageuka msasa.

Mimi naanza na lami, kwa sababu lami huwa imefunika vichembe vya chuma, na dawa ya chuma haipenyi lami. Nunua dawa ya kuondoa lami iliyotengenezwa kwa ajili ya magari. Inapakwa kwenye bodi kavu, siyo yenye maji, kwa sababu maji yanaizuia isiguse lami. Nyunyiza, subiri dakika moja au mbili, na utaona madoa yakianza kulia machozi ya kahawia yanayoteremka mlangoni. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba unachoweza kukitupa, bila kukandamiza. Lililobaki, rudia.

Mafuta ya taa je? Nitasema ukweli kwa sababu nusu ya wasomaji wanayo nyumbani: yanaondoa lami, ila polepole, na yanaacha utando wa mafuta. Kama huna kingine, loanisha kitambaa kidogo, lishughulikie doa lenyewe tu, usipake raba za milango, na osha sehemu hiyo mara mbili kwa shampuu. Petroli na thina, hapana. Petroli inashika moto kwa cheche ndogo sana, na thina inaweza kulainisha rangi iliyopakwa gereji ikatoka pamoja na lami. Nimeona bampa iliyokuwa imepakwa upya ikikunjamana kama maziwa yaliyochemka, kwa kufutwa na thina mara moja tu.

Baada ya lami, osha, kisha dawa ya chuma. Nyingi kati ya hizi hutumia kemikali za jamii ya thioglikoleti, ambazo hushikana na chuma na kugeuka zambarau. Harufu yake ni ya mayai yaliyooza. Usishtuke, ndiyo yenyewe. Vaa glavu za mpira, fanya kazi mahali penye hewa, na linda macho. Nyunyiza ubavu mmoja kwa wakati kwenye bodi iliyopoa. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya pili vidoa vinaanza kutoa mistari ya zambarau, na kwenye gari jeupe utaiona ikichuruzika kama juisi ya zambarau iliyomwagika. Acha dakika tatu hadi tano kulingana na maelekezo ya chupa, na isikaukie kwenye bodi kamwe. Suuza kwa maji mengi.

Kipimo cha kujua kama uinunue ni hiki: kama mkono ulihisi vichembe vikali na gari ni jeupe lenye vidoa vya chungwa, inunue bila kusita. Chupa ya nusu lita kwa kawaida inatosha gari dogo kama IST au Vitz. Kama gari ni jipya, linalala ndani ya geti, na mkono haukuhisi zaidi ya vichembe vichache, klei peke yake itatosha. Fedha hiyo nunua taulo nzuri. Na usidhani rangi ya zambarau ikiisha basi chuma chote kimetoka. Dawa inalainisha na kupunguza. Vichembe vilivyozama vinamaliziwa na klei.

Utomvu uliokauka unataka spiriti, ile ya dukani kwa dawa. Lowesha pamba, iweke juu ya tone sekunde thelathini, inua, futa. Rudia mara tatu nne kuliko kusugua mara moja kwa nguvu.

Kwa madoa ya maji ya kisima, changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu. Paka kwa kitambaa, dakika moja au mbili, suuza sana. Siki hiyohiyo inalainisha tone la saruji, ila saruji inahitaji uvumilivu: kitambaa kilicholowa kikae juu yake, kiongezwe siki, kirudiwe, mpaka lianze kumomonyoka lenyewe. Yale maji ya betri ambayo baadhi ya vijana huyatumia kwenye ringi, yaweke mbali na rangi na mbali na mikono yako.

Usichanganye dawa hizi. Kila moja ioshwe na kusuuzwa ndipo nyingine ifuate.

Hatua ya nne: kuchagua klei, na hapa tukae kidogo

Klei siyo udongo, ingawa jina lake la Kiingereza lina maana hiyo. Ni plastiki laini kama unga wa chapati uliokandwa, yenye vichembe vidogo sana vya kusugulia ndani yake. Ilitoka Japani na kuenea Marekani katika miaka ya 1990. Inapoteleza juu ya rangi yenye utelezi, inapita bila kugusa sehemu iliyo laini, na inapokutana na kichembe kilichochomoza inakishika na kukivuta. Ndiyo maana haiwezi kuondoa mikwaruzo wala doa la kunguru. Inang'oa kilichochomoza tu.

Sokoni utakuta aina nne. Nitasema kila moja inamfaa nani.

Klei ya kipande ndiyo ya asili. Unaikata, unaikanda, unaifanya bapa kama chapati ndogo ya vidole vitatu. Inaingia kwenye mikunjo ya milango, kuzunguka vitasa, nembo na vioo vya pembeni, mahali ambapo vifaa vingine havifiki. Huwa na makali matatu: laini, ya kati na kali. Soma maandishi kwenye pakiti. Usiamini rangi, maana kila kampuni ina rangi zake na klei ya bluu ya huyu ni ya kati ilhali ya yule ni laini. Kasoro yake kubwa: ikianguka chini, imekwisha. Siyo ya kuosha wala ya kufuta. Imeshabeba mchanga ndani yake na haitauachia mpaka iufikishe kwenye rangi. Ndiyo sababu naikata vipande vitatu kabla ya kuanza. Kimoja kikianguka, viwili vipo.

Klei ya kipande pia inajali hali ya hewa. Dar mchana inalegea na kunata kama jojo. Iweke kwenye ndoo ya maji baridi kati ya ubavu na ubavu. Njombe au Iringa mwezi wa saba inakuwa ngumu kama sabuni ya mche, na ngumu ikilazimishwa inakwaruza. Itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, ikande, ndipo uanze.

Glavu ya klei na taulo la klei ni ndugu. Ni maikrofaiba iliyopakwa upande mmoja utando wa raba unaofanya kazi ya klei. Kasi yake ni kubwa: gari ambalo klei ya kipande ingelichukua saa mbili, glavu inalimaliza kwa chini ya saa moja. Ikianguka unaisuuza kwenye ndoo na kuendelea. Inahudumia magari mengi, kwa hiyo kwa anayefanya kazi hii kwa kipato hesabu yake ni nzuri kuliko vipande. Ila inagusa eneo kubwa kwa pamoja, huhisi kwa kidole kinachotokea, na inaacha ukungu wa mikwaruzo midogo zaidi kuliko klei laini, hasa kwenye rangi nyeusi. Mpya, isugue kwanza kwenye kioo chenye maji ya shampuu dakika mbili ili utando wake wa kiwandani utoke. Watu wengi hawalijui hili, wanaona michirizi kwenye mlango wa kwanza na kusema glavu ni mbaya.

Pedi ya klei inafungwa kwenye mashine. Inafaa kwa mwenye magari matano ya kumaliza kwa siku na mkono uliozoea mashine. Kwa anayejifunza, siishauri. Kwenye kona na kingo za bodi klia ni nyembamba zaidi, na mashine haina vidole vya kukuambia.

Sasa uamuzi. Uulize kwa maswali mawili: gari litapigwa polishi leo, na rangi yake ni ipi?

Kama polishi itafuata na gari ni jeupe, la fedha au la rangi nyingine ya mwanga, chukua glavu au taulo la makali ya kati, na kipande kidogo cha klei laini kwa ajili ya mikunjo. Ukungu wowote utakaobaki polishi itaumaliza.

Kama polishi itafuata lakini gari ni jeusi, bluu iliyokoza, au limepakwa upya gereji, chukua klei laini ya kipande hata kama itakula asubuhi nzima. Rangi nyingi za gereji ni laini, na kila mkwaruzo unaouongeza ni klia utakayoilipa wakati wa polishi.

Kama huna mpango wa polishi, unataka kupaka waksi tu, basi klei laini na utelezi wa kutosha, hakuna kingine.

Na gari la rangi isiyong'aa, ile ya kufifia kwa makusudi, usilitie klei kabisa. Litaota mabaka ya kung'aa yasiyorudi nyuma.

Klei kali niiseme peke yake. Ipo kwa ajili ya rangi ya spreyi iliyomwagikia gari zima au chuma kilichokaa miaka. Inakwaruza bila shaka yoyote. Itumie pale tu ambapo ya kati imeshindwa mbele ya macho yako, na polishi iwe ni lazima.

Hatua ya tano: utelezi

Kifaa kizuri bila utelezi ni msasa. Unaweza kununua spreyi ya utelezi ya klei, au kutumia shampuu ya gari iliyochanganywa nzito kidogo kuliko ya kuoshea, ndani ya chupa ya kunyunyizia. Mimi hutumia shampuu kwa sababu haikauki haraka kwenye joto la pwani na haina gharama. Sabuni ya unga iache kabisa hapa: punje zisizoyeyuka zinakwaruza. Ya kuoshea vyombo inakata mafuta lakini utelezi wake unaisha haraka.

Sikiliza klei. Ikiwa inalia au inakwama, ongeza utelezi, usiongeze nguvu.

Hatua ya sita: jaribu sehemu ndogo

Weka tepu ya karatasi kwenye boneti utengeneze mraba wa sentimita 40 kwa 40. Nyunyiza utelezi kwenye bodi na kwenye klei. Anza na kifaa laini kuliko vyote ulivyonavyo. Kisukume kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, kisha kwa upande mwingine, mkono ukiwa mwepesi kana kwamba unafuta vumbi kwenye picha ya ukutani. Usizungushe. Mikwaruzo ya duara inaonekana kutoka kila upande wa jua, ila iliyonyooka ni rahisi kuifuta kwa polishi.

Mwanzoni utasikia sauti ndogo ya kukwaruza na kuhisi klei ikikwamakwama. Baada ya mipito kadhaa sauti inapotea na mkono unateleza wenyewe. Hapo geuza klei uitazame. Itakuwa na mistari ya kijivu au kahawia, na wakati mwingine nukta nyeusi unazoweza kuzihesabu. Ikunje uchafu uingie ndani, upate uso mpya. Futa mraba, vaa mfuko wa mkate, pitisha mkono. Laini kama glasi? Umepata kifaa chako. Bado inakwaruza? Rudia mara moja. Ikishindikana tena, panda makali ngazi moja, usiruke mbili.

Angalia pia kitambaa. Kama kimeshika rangi ya gari lenyewe, gari hilo halina klia, kama Land Rover nyingi za zamani. Siyo hatari yenyewe, lakini punguza nguvu na ujue kwamba polishi nayo itatoa rangi.

Baada ya mraba kukupa jibu, fanya gari zima, nusu ya boneti kwa wakati, nusu ya mlango kwa wakati. Paa kwanza, kisha boneti na buti, kisha mbavu, na sehemu za chini ya milango mwisho kwa sababu ndizo chafu zaidi. Klei iliyofanya kazi chini isirudi juu. Glavu isuuzwe kwenye ndoo kila baada ya mipito michache, na maji yakichafuka yabadilishwe. Vioo navyo vipitishe, wiper zitakushukuru. Plastiki nyeusi zisizopakwa rangi ziache.

Hatua ya saba: kabla ya kuwasha mashine

Osha gari upya kwa shampuu ili utelezi na vichembe vilivyong'olewa viondoke, kausha kwa taulo safi, kisha futa kila bodi kwa spiriti iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya spiriti kwa sehemu tano za maji. Inaondoa mafuta yanayoficha mikwaruzo. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana kama gari limepakwa gereji.

Sasa ingiza gari kivulini na uwashe tochi ya simu karibu na bodi. Mkono wote laini, jicho linaona nini? Michirizi ya kuoshea, ukungu wa klei, alama za kunguru ulizozibandikia tepu. Hayo ndiyo mambo ya polishi, na idadi yake itakuambia uanze na polishi laini au ya kukata, ile inayosugua kwa ukali zaidi.

Kama giza limeingia na polishi itabidi isubiri kesho, usiliache gari nje hivyohivyo. Rangi yake sasa haina waksi wala kinga yoyote. Lifunike au liingize ndani, na kesho asubuhi lisuuze na kulikausha kabla ya kuweka pedi ya kwanza. Ukiona hutapata nafasi ya polishi wiki hii, paka waksi leoleo. Polishi ikifika wakati wake, utaanza tena na mfuko wa mkate.